Maneno ya bosi yalivyonifuata kutoka ghalani mpaka kwa mwanangu

#1 Mwana wa Vingunguti (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimeuandika kwa siku tatu, vipande vingine kwenye daladala, vingine usiku watoto wakishalala. Jambo lenyewe limenikaa kooni muda mrefu na sina kijiwe cha kulisemea.

Mimi ni supavaiza wa ghala kwenye kampuni moja ya kusambaza bidhaa za nyumbani, pembeni ya Barabara ya Nyerere. Sabuni, mafuta ya kula, biskuti, tambi. Chini yangu kuna mtunza stoo, karani, dereva wa foklifti na makuli tisa, wengi wao vibarua wa kutwa. Juu yangu yupo meneja. Simtaji jina wala sitaji kampuni, kwa sababu sikuja hapa kumwanika mtu.

Kila Jumatatu saa mbili kamili asubuhi tuna kikao. Yeye anakaa, sisi tunasimama. Jumatatu moja kabla ya masika, mtunza stoo wangu, mtu mzima aliyevuka miaka hamsini, alitoa taarifa kwamba zimepungua katoni sita za sabuni. Aliyegundua upungufu ni yeye na aliyeusema ni yeye, hakuna aliyemkamata. Meneja akamwambia ahesabu kwa sauti, moja mpaka sita, mbele yetu sote. Mzee akahesabu. Akaambiwa, "Rudia, naona hesabu zinakupiga chenga." Akarudia. Kijana mmoja kuli akacheka, kile kicheko kinachomtoka mtu kwa woga. Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Palikuwa na mchirizi wa mafuta ya kula ulioshikana na vumbi, na mpaka leo nikipita pale naukumbuka, ingawa ulishasuguliwa zamani.

Tangu siku ile yule mzee hakuleta tena taarifa mbaya. Ripoti zake zikawa safi, kila kitu "kipo sawa".

Masika ikaingia. Bati la kona ya biskuti lilikuwa na tundu. Katoni zikalowa. Mzee alijua, makuli walijua, karani alijua. Zilizolowa zikasogezwa nyuma, kavu zikapangwa mbele, maisha yakaendelea. Mzigo ukaja kupakiwa kwenda Morogoro, mteja akafungua, akakuta ukungu, akarudisha gari zima. Zaidi ya katoni mia mbili zilikwenda na maji, kwa tundu ambalo fundi alipanda na kuliziba kwa muda usiozidi nusu saa.

Meneja alituweka mstari akafoka: "Kwa nini hakuna aliyesema?" Hakuna aliyejibu hata hilo.

Sasa nije kwangu, maana hapo ndipo penye sababu ya kuandika.

Huyu bwana ana sentensi yake moja. Ukikosea, usipokosea, ukichelewa kupokea simu: "Hivi wewe una akili kweli?" Ile "kweli" anaivuta mwishoni, anaipandisha. Nimeambiwa hivyo mbele ya madereva, mbele ya wateja, mbele ya mama ntilie anayetuletea chakula. Nimeambiwa kwenye grupu la WhatsApp la kazi saa tano usiku, kwa ujumbe wa sauti, watu ishirini na kitu wakisikiliza.

Ilifika mahali Jumapili jioni tumbo linaanza kunikata. Si utani. Adhuhuri naimba kanisani vizuri tu, ikifika saa kumi na moja jioni naanza kuhesabu saa zilizobaki kabla ya Jumatatu. Simu ikiita moyo unaruka. Nilibadilisha mlio wa simu nikidhani tatizo ni mlio.

Na kazini nikabadilika. Zamani nilikuwa nabaki mpaka saa moja usiku bila kuambiwa, kama lori limechelewa foleni ya Tazara nalisubiri. Nikaacha. Saa kumi na moja nimeshavua ovaroli. Nikiona kosa la idara nyingine nalinyamazia, nasema moyoni waache waumbuke. Nikaanza kutega, mimi ambaye nilikuwa nawasema wategaji.

Halafu nikaanza kuwaambia makuli, "Hivi nyie mna akili kweli?" Sikusikia kwamba nimeanza. Mtu hasikii.

Mwanangu wa kwanza yuko darasa la pili. Usiku mmoja alikuwa anafanya hesabu za kutoa kwa kukopa, hamsini na mbili toa kumi na nane. Akakosea mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nimetoka kusikiliza ujumbe wa sauti. Nikamwambia. Sentensi ile ile. Mtoto akaweka penseli chini, akaanza kufuta jibu kwa kidole mpaka karatasi ikatoboka.

Kama wiki baadaye nilikuwa uani nafua. Mdogo wake wa miaka minne alikuwa anapanga visoda, akaviangusha. Nikasikia dada yake: "Hivi wewe una akili kweli?" Na ile "kweli" akaivuta mwishoni, akaipandisha, kama meneja. Mwanangu hajawahi kumwona huyo meneja hata kwa picha.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Aliniangalia, hakusema kitu, akaingia ndani.

Nitaendelea.

#2 Mwana wa Vingunguti (mtoa mada)

Naendelea.

Mdogo wangu anasoma mambo ya rasilimali watu chuoni. Nilipomsimulia, hakunipa pole, alinitumia makala za kusoma. Kiingereza chake kigumu lakini niling'ang'ana, na nawaletea nilichoelewa.

Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani aitwaye Bennett Tepper alichapisha utafiti kuhusu wasimamizi wanaowanyanyasa walio chini yao. Alichopima ni tabia inayojirudia ya uadui wa maneno na vitendo, bila kuhesabu kupigwa. Yaani haikuwa lazima mtu awekewe mkono. Aliwauliza wafanyakazi mambo 15. Baadhi nayaeleza kwa maneno yangu: bosi anakufanyia dhihaka, anakushusha mbele ya wenzako, anakununia, hakusemeshi, anakukumbusha makosa ya zamani, anakunyima sifa ya kazi uliyoitolea jasho, anakutupia lawama ili yeye asiaibike, hasira za kwingine anazimalizia kwako, anakwambia huwezi kazi. Niliyasoma nikiwa nimekaa kwenye kiti cha daladala Buguruni, nikajikuta nakunja vidole kuhesabu yangu. Vidole vya mikono miwili vikaisha.

Alichokuta ni kwamba waliokuwa na mabosi wa namna hiyo waliacha kazi zaidi, na wale waliobaki waliridhika kidogo na kazi na hata na maisha yao, kazi na familia zikagongana, wasiwasi na msongo vikawa juu. Na walioumia zaidi ni wale waliokuwa hawana pa kwenda, ambao kupata kazi nyingine ni shida. Hapo nikawaza vijana wangu wa kutwa. Nani wa Vingunguti ana kazi ya pili inayomsubiri?

Mwaka 2002 Tepper na wenzake wawili, Kelly Zellars na Michelle Duffy, waliwachunguza askari wa akiba wa Marekani. Walionyanyaswa na wakubwa wao walipunguza yale mambo ambayo hayamo kwenye orodha ya majukumu: kumsaidia mwenzako, kujitolea, kubaki. Ndiyo lile lori langu la foleni ya Tazara. Ghala haliendeshwi na mkataba peke yake, wakuu. Linaendeshwa na mtu anayesema "ngoja nilisubiri".

Mwaka 2007 Marie Mitchell na Maureen Ambrose wakaonyesha kwamba anayenyanyaswa hulipiza, na halipizi kwa bosi tu. Hulipiza kwa kampuni, hulipiza kwa wenzake ambao hawakumkosea. Kuchelewa makusudi, kuvuruga, kuwasema wenzako vibaya.

Lakini ulionikalisha chini ni wa Jenny Hoobler na Daniel Brass, 2006. Wao walikwenda hatua mbili zaidi. Walianza na msimamizi mwenyewe, wakakuta kwamba wasimamizi waliohisi kampuni imewavunjia ahadi ndio walionyanyasa zaidi, hasa wale wepesi kuamini kwamba kila mtu ana nia mbaya nao. Kisha wakawauliza watu wa nyumbani kwa wale walionyanyaswa. Watu wa nyumbani wakasema huyu mtu akirudi anatukosoa na kutudharau. Yaani ahadi inavunjwa juu kabisa, na anayelia ni mtoto aliye jikoni na daftari la hesabu. Mimi nilidhani ile ilikuwa aibu yangu peke yangu.

Nina maswali mawili kwenu. Nani amewahi kupitia hili, na alifanyaje? Na pili, hivi sisi tunatofautisha bosi mkali na bosi mnyanyasaji? Maana ghalani kwetu huyu bwana anasifiwa: "Yule ni mkali, kazi inakwenda."

#3 Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole kaka. Nimesoma mpaka mwisho nikiwa zamu.

Mimi ni muuguzi kwenye zahanati. Sisemi ya mgonjwa yeyote, nasema yale yanayojirudia. Mtu anakuja Jumatatu alfajiri, presha iko juu. Anarudi Jumamosi, presha imeshuka. Mwingine amekunywa dawa za vidonda vya tumbo mwaka mzima, vipimo havionyeshi kidonda. Mwingine anasema halali, anaamka saa tisa usiku na akili inakimbia. Ukimuuliza taratibu "kazini kukoje?", machozi yanamlengalenga. Wanaume ndio wagumu zaidi, atakwambia kichwa, mgongo, macho, kila kitu isipokuwa lile lenyewe.

Kuna utafiti wa Sweden uliotoka 2009. Wanaume zaidi ya 3,000 wa eneo la Stockholm waliulizwa wakubwa wao wa kazi wakoje: wanaeleza mambo vizuri, wanasikiliza, wanatoa mamlaka ya kutosha kwa kazi waliyokupa? Wakafuatiliwa kwa miaka. Waliosema wana mkubwa mzuri walipata magonjwa ya moyo kwa kiwango kidogo zaidi, na kadiri mtu alivyokaa chini ya mkubwa huyo muda mrefu ndivyo tofauti ilivyoonekana zaidi. Haina maana kwamba bosi ndiye anaziba mishipa, sukari na chumvi na sigara navyo vipo. Lakini mwili unahesabu.

Kaka, hilo tumbo la Jumapili lipeleke hospitali wakuangalie, usilitibu kwa panadol. Na kama usingizi umeisha wiki kadhaa au unafika kuwaza kwamba bora usiwepo, usisubiri Jumatatu. Kwenye hospitali za rufaa za mkoa unaweza kuelekezwa kwa mtu wa afya ya akili. Si kichaa, ni matibabu kama mengine.

#4 Mzee wa Kiwandani

Kijana wangu, pole. Nami niseme, ingawa najua wengi hawatapenda.

Nimefanya kazi viwandani miaka thelathini na zaidi, nimeanza Chang'ombe nikiwa kijana, nimestaafu nikiwa msimamizi wa zamu. Mabosi wangu wa mwanzo walikuwa wakali kama pilipili kichaa. Mmoja alinirushia spana. Na kazi niliijua kwa sababu yao. Vijana wa leo ukimwambia neno anakwambia umeniumiza kisaikolojia. Ukiwabembeleza, saa nne asubuhi wako kwa mama ntilie, saa nane wako kwenye simu. Sasa niambie, msimamizi afanyeje? Asifoke?

#5 Mwana wa Vingunguti (mtoa mada)

Shikamoo mzee wangu. Naomba nikujibu kwa heshima, kwa sababu swali lako ndilo lililonisumbua mimi mwenyewe.

Nimewahi kuwa chini ya mtu mkali. Fundi mkuu wa gereji moja Ilala, nilikuwa kwake kabla ya ghala. Ukifunga nati vibaya anakuita, anakufungulia mbele yako, anafoka: "Hii gari inabeba watoto wa shule! Funga upya!" Anasimama hapo mpaka umefunga sawa. Akishaondoka, ameondoka. Kesho hakumbushi. Ukikutana na tatizo usilolijua unamkimbilia yeye wa kwanza, pamoja na ukali wake, kwa sababu unajua atafokea nati.

Huyu wa sasa sijawahi kumkimbilia na tatizo. Natafuta namna ya kulificha. Mzee wa stoo ameficha, karani ameficha, mimi nimeficha. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona, na sikuipata kwenye makala. Angalia taarifa mbaya zinaelekea wapi. Kwa yule fundi zilikuwa zinakwenda juu. Kwa huyu zinazama, mpaka zije zitoke Morogoro na ukungu.

Na ile spana mzee wangu, samahani, lakini ulijifunza kazi kwa sababu alikufundisha. Spana ingekupata jicho tusingekuwa tunaongea hivi.

#6 Mzee wa Kiwandani

Marahaba. Umeniweka nifikiri. Aliyenirushia spana sikuwahi kumwambia kwamba mashine namba mbili inapiga kelele. Niliacha ikafa. Sikuwahi kuliunganisha hilo na spana mpaka leo hii.

#7 Dada wa Kariakoo

Mimi nauza duka la vitenge, la mtu. Ninyi wenye mikataba angalau mna kikao cha Jumatatu. Mimi bosi wangu ni shangazi wa ukoo. Akinitukana mbele ya wateja, nikinuna jioni mama ananipigia kutoka Tanga: "Mvumilie, ni mkubwa wako, ndiye aliyekutoa." Ukilalamika umekosa adabu na umekata undugu. Siku mteja alipoondoka na doti mbili bila kulipa nilimwona. Nilimwona na nikanyamaza. Sijawahi kumwambia mtu hilo, naliandika hapa kwa sababu hamnijui.

Na kuna walio chini yangu mimi. Dada wa kazi pale kwa shangazi. Anakula mwisho, analala mwisho, akivunja kikombe anakatwa. Nilikuwa nikimtuma kwa sauti mbaya, nikidhani ndivyo anavyotumwa mtu.

#8 Kibarua Mstaafu wa Posta

Poleni wote. Mimi niliacha kazi kwenye ofisi moja ya mjini kwa sababu ya msimamizi wa aina hii, nikaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Sikushinda yote niliyoomba lakini nilijifunza njia, acha niwape ili msikosee nilipokosea.

Wengi tunadhani ukiandika barua ya kuacha kazi umejimaliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 36, inahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pia pale mfanyakazi anapoondoka kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike. Kanuni za utendaji bora za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinalieleza zaidi: zinataja unyanyasaji wa kingono au mwajiri kushindwa kumkinga mfanyakazi nao, na pia kutotendewa haki. Hapo kwenye kutotendewa haki kuna sharti: uwe umetumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, labda uwe na sababu nzuri ya kutozitumia. Hapo ndipo mimi nilipoumia. Niliulizwa, "Barua ya malalamiko iko wapi?" Sikuwa nayo. Nilikuwa nimelalamika kwa mdomo, kwa wenzangu, kantini.

Kwa hiyo andika. Tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Ujumbe wa sauti usifute. Barua ya malalamiko ipeleke na nakala yako igongwe mhuri au isainiwe kwamba imepokelewa.

Muda nao mfupi. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30, migogoro mingine siku 60. Mimi nilikuwa nazunguka kwa ndugu nikiomba ushauri, siku zikawa zinayoyoma. Ukishafungua, hatua ya kwanza ni usuluhishi, mnakaa mezani na mwajiri, sheria inaupa siku 30. Mkishindwana ndipo mnakwenda kwenye uamuzi. Na kama hujafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo, sehemu ile ya sheria ya kuachishwa isivyo halali haikulindi, ulijue kabla hujaandika barua kwa hasira. Watumishi wa umma wana njia yao nyingine, msichanganye.

Dada wa Kariakoo, kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukufanyi usiwe mfanyakazi. Kama unaripoti, unapangiwa saa, unalipwa na yeye, uhusiano wa kazi upo. Usijione huna pa kushika.

Mtoa mada, kuhusu zile sauti za saa tano usiku: Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 190 pale Geneva Juni 2019, juu ya ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi. Umetaja wazi mawasiliano yanayohusu kazi, yakiwemo ya simu na mitandao. Kwa hiyo wanaosema "hiyo ni WhatsApp tu, siyo ofisini" wamepitwa.

#9 Chuo Mpaka Kieleweke

Mkuu mtoa mada, asante kwa uzi. Swali dogo tu: utajuaje kama bosi ndiye anayesababisha watu wazembee au uzembe wa watu ndio unaomfanya bosi awe hivyo?

#10 Mwana wa Vingunguti (mtoa mada)

Swali zuri. Tafiti nyingi za namna hii zinawauliza watu kwa dodoso, na dodoso haliwezi kukwambia kuku na yai nani alitangulia. Lakini kwa ghala langu najua mpangilio wa siku. Mzee alisema ukweli kwanza. Akahesabishwa. Ndipo akaacha kusema ukweli. Sijui ghala lako.

Kibarua Mstaafu, Mungu akubariki, hiyo ya siku 30 nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati.

Nesi, nimekwenda hospitali. Presha ilikuwa juu. Nimepangiwa kurudi.

Mnaniuliza inbox nilifanya nini. Kwa meneja sijafanya kubwa. Nimeandika barua moja ya malalamiko kwa watu wa rasilimali watu, nakala ninayo, imegongwa mhuri. Naye nilikuja kujua anapigiwa simu na mwenye mali usiku wa manane na kuambiwa maneno mazito kuliko yetu, na kwamba ile nyumba aliyoahidiwa alipohamishwa kuja Dar hakupewa. Sikulijua hilo kwa miaka miwili. Halinifanyi nimsamehe, lakini nikisikia ujumbe wake wa sauti sasa nasikia kuna sauti nyingine nyuma yake. Natafuta kazi kwingine, sifichi.

Kwa walio chini yangu ndiko nilikoweza kugusa. Jumatatu moja, kikao cha meneja kilipoisha, niliwaita upande wa mizani. Nikamwambia mtunza stoo mbele ya wale wale waliomwona akihesabu: "Mzee, siku ile ulisema kweli, na mimi nilikaa kimya. Nisamehe." Na makuli nikawaambia ile sentensi hawataisikia tena kutoka kwangu, na wakiisikia wanikatize. Hakuna aliyesema neno. Mzee alivua kofia, akaikung'uta vumbi, akaivaa, akarudi stoo. Nilidhani nimejiaibisha bure.

Nyumbani ilikuwa ngumu zaidi. Mtoto humwambii "nilikuwa na msongo". Nilimwambia, "Yale maneno ya siku ile ya hesabu yalikuwa mabaya, baba alikosea, na wewe una akili." Akaniuliza, "Sasa kwa nini ulisema?" Nikamwambia niliambiwa na mtu kazini. Akafikiri, akasema, "Basi na wewe mwambie mwalimu."

Ilikwenda wiki, ikaenda ya pili, kimya kile kile stoo. Ripoti "ipo sawa". Nikaanza kukata tamaa.

Alhamisi iliyopita ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilikuwa bado kwenye daladala, tumekwama Tazara, simu ikaita. Moyo ukaruka kama kawaida yake. Alikuwa mzee wa stoo. Tangu yale mambo ya katoni sita hakuwahi kunipigia.

"Supavaiza, kuna bati limeanza kuvuja upande wa tambi. Katoni nne zimelowa. Nimeshazitoa, nimeziweka pembeni uzione mwenyewe."